Maji ya Mota

Katika boti yetu ya mbao, inayokwenda Yanonge na kurudi Kisangani, hakuna anayejisumbua kuchemsha maji. Mota inatuchemshia. Pampu inavuta maji ya mto, yanazunguka ndani ya chuma kuipoza mota, kisha yanatoka ya moto na kuangukia kwenye pipa lililokatwa nusu kabla ya kurudi mtoni. Abiria wanachota humo maji ya kuoshea vyombo, na kina mama maji ya kuogeshea watoto. Ukiwaambia yananuka mazuti, yaani dizeli, wanakucheka. Mama mkwe wangu ndiye aliyecheka kuliko wote. Wajukuu wake wote aliwaogesha kwa maji ya pipa lile, na sasa ilikuwa zamu ya mwanangu wa mwisho, aliyekuwa na miezi miwili.

Ubaya wa mto wetu ni tope. Linaingia na maji, linagandia ndani ya mota na kufanya ukoko kama wa wali chini ya sufuria. Njia za maji zinaziba, mota inapata homa. Mume wangu, fundi wa boti, huusafisha ukoko huo tukiwa tumefunga bandarini. Anatumbukiza bomba la kuvuta na la kutoa katika pipa lilelile, anamimina asidi ya betri, na kuiacha mota ingurume taratibu, maji yaleyale yazunguke mpaka ukoko uachie. Siipendi njia hiyo, maana chuma nacho kinaliwa. Lakini nani anamsikiliza mke?

Siku hiyo boti ilikuwa bado tupu. Mume wangu alishuka kutafuta mpira mpya wa pampu, akaniambia, "Angalia, mutu asichote maji. Iko na asidi." Mara wauza mihogo wakapanda wote kwa pamoja, wakagombea nafasi ya magunia. Mimi mdomo wangu si mlaini, nikaingia kwenye ugomvi. Mtoto alikuwa amelala nyuma. Sikumwona mama mkwe akipanda.

Nilipogeuka, alikuwa amekaa kando ya pipa, beseni limejaa mbele yake, mwanangu uchi mkononi, na kiwiko ndani ya maji akipima joto. Kiwiko kinajua joto tu. Nilipaswa kusema maji yana asidi. Kilichotoka ni, "Mama, acha! Usiguse mutoto wangu!"

Niliruka magunia, nikalipiga beseni teke, nikamnyakua mtoto. Hakupata hata tone. Nilikaa chini nikalia, na teke lile ningelirudia hata leo.

Nilipoinua kichwa, boti nzima ilikuwa inamtazama mama mkwe. Muuza mihogo mmoja alimfunika mtoto wake mgongoni.

"Mukwe wake mwenyewe amesema," alimwambia mwenzake, wala hakushusha sauti. "Iko kitu anajua."

Nilieleza. Nilionyesha dumu la asidi, nikaonyesha kiwiko cha mama mkwe kilichoanza kuwa chekundu.

"Donc, nani aliweka ile maji kwa beseni?" muuza mihogo yule aliniuliza.

Kwetu, mjane mzee kama yeye, aliyezika watoto wawili, hahitaji ushahidi mwingi ili aitwe mulozi, mchawi. Mume wangu aliporudi alieleza naye. Walimjibu, "Ndiyo, papa," macho yakabaki kwa mama yake. Kwa hasira niliwafukuza wauza mihogo wawili, nao wakashuka na habari mpaka sokoni. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema; nakubali, lakini maneno ni mabaya zaidi.

Mama mkwe hakunilaumu. Jioni, nikimpaka mafuta kwenye kiwiko, alisema, "Ulifanya muzuri, mama. Mutoto iko muzima." Heri angenitukana. Tangu siku hiyo hakupanda boti tena, na kanisani benchi analokalia lina nafasi nyingi.

Mtoto sasa anatembea. Juzi nilikuwa narudi kutoka sokoni, hapa mtaani kwetu Tshopo, nikasikia kilio uani. Alikuwa amejikwaa, mdomo umepasuka, anamnyooshea bibi yake mikono. Bibi yake alikuwa amesimama karibu naye, machozi yanamtoka, mikono yake yote miwili juu, akiwaita majirani:

"Mukuje! Ameanguka yeye mwenyewe! Mukuje mumubebe, mimi sijamugusa!"