Mchoro wa makaburi yetu Goweko

Kwenye mchoro uliofunuliwa leo kanisani, anayesali kuliko wote ni mimi.

Uongo. Napiga miayo, mdomo wazi kama pango.

Mchoraji alituchora mwaka jana siku ya Marehemu Wote, tukiwasha mishumaa makaburini.

"Mzee, ulitaka kuumeza mshumaa?" Katekista huyo! Kanisa zima kicheko. Chekeni na nyie, ruksa.

Nikacheka nao. Kisha, mle mchoroni, nikamwona mke wangu pembeni yangu, anaukinga mshumaa kwa kanga upepo usiuzime.

Tulimzika Machi. Maisha yake yote alikataa kupigwa picha, na sura yake imeanza kunipotea.

Kesho mchoro unapelekwa Tabora mjini. Umeshauzwa.

Petro, najua unasoma humu kundini: suti uliyoolea nilikuazima mimi. Kamera ya simu yangu imepasuka. Njoo asubuhi na simu yako, unipigie picha ya mke wangu kabla hawajamfunga kwenye gunia.