Shimo Linalokunywa Maji

Baba alikuwa mwalimu, na mwalimu akishika jambo halimtoki. Miaka ya themanini alichimbisha shimo la gesi nyuma ya boma letu, upande wa Mbumbuni. Mavi ya ng'ombe yanaingia huku, gesi inatokea kule, inafuata bomba mpaka jikoni. Mama hatakata kuni tena. Hayo aliyatangaza kanisani, na watu wakasema amina.

Alichosahau kutangaza ni kwamba kila ndoo ya mavi hutaka ndoo ya maji. Kuni tulikuwa tukizifuata mara mbili kwa wiki. Maji ya shimo tuliyafuata kila siku, mimi na mama na punda, mpaka mtoni, ambako wakati wa kiangazi mto ni mchanga mtupu na maji unayachimba. Nilimkasirikia baba, na hasira hiyo sijaimaliza.

Kiangazi kimoja, pasta na wazee wa kanisa walileta habari kwamba wanakuja kuuona huo moto. Siku yenyewe tulirudi saa sita na mitungi minne. Baba alitungoja langoni, amevaa tai.

"Weka kwa shimo kwanza," akamwambia mama. "Gesi isituaibishe mbele ya watu."

"Yote?"

"Yote. Moto ndiyo wanakuja kuona."

Mama alimimina mitungi yote minne, akakoroga mavi, kisha akasugua mikono kwa mchanga.

Wageni walipofika, baba aliwasha kiberiti na moto ukashika, wa buluu, bila moshi wowote. Pasta alivua kofia. Mzee mmoja aliinama, akanusa, akasema haunuki. Baba alisimama wima kama siku ya kufunga shule.

"Mama, pikia wageni chai."

"Moto ndiyo hiyo, Mwalimu," mama akasema. "Maji iko kwa shimo."

Pasta aliomba, akashukuru kwa ajili ya moto, na wageni wakaenda zao na kiu yao.

Kesho yake alfajiri baba alimchukua punda, akaenda mtoni peke yake. Alirudi saa nane, viatu vimejaa mchanga. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Alibeba mtungi mmoja mmoja, akalipita shimo bila kulitazama, akaiingiza yote jikoni.

Mama akamwuliza kama shimo halina kiu leo.

"Hiyo ingojee mvua," baba akasema, akaomba maji ya kunywa.