Mkwe Anayechafua Ndege

Mama mkwe alikuja na jambo moja moyoni: aone kama mume wa binti yake ana kazi ya maana, la sivyo aondoke na mwanawe. Akamkuta mkwe mbele ya kompyuta, shingo imetoka kama kobe, anatengeneza ndege ya kivita ya zamani, ya kurushwa kwenye mchezo wa kompyuta. Na kutengeneza kwenyewe ni kuichafua! Anabofya, ubavuni panaingia masizi. Anabofya tena, rangi inabambuka bawani. Kisha anafuta vidole kwenye suruali, vidole vikavu kabisa, na kupuliza kioo kana kwamba kina vumbi.

"Baba, kitu kizima unakichakaza kwa nini?"

"Mama, hii ilipigana vita. Ikiwa safi, wanaozijua ndege hizi watanicheka. Hapa ni alama za buti, rubani hupandia bawa la kushoto."

"Na la kulia anapandia nani? Mkewe?"

Mkwe akatazama bawa la kulia: nalo lina alama za buti. Alikuwa amechora bawa moja tu, akageuza picha ile ile kuwa la pili, na buti zikahamia nazo. "Mama, umeniokoa, kesho naikabidhi kwa wenye mchezo," akasema, akaanza kufuta kwa furaha kazi ya siku tatu.

Jikoni binti akanong'ona, "Umeonaje, mama? Nifunge sanduku?"

"Hata sielewi, mwanangu. Anafuta matope yasiyokuwepo, ya mtu asiyekuwepo. Nipe chai nirudi, lile bawa la kulia hatujalimaliza."