Ijumaa foleni itanyamaza: Mzee Kasiani na skana yake pale Mpemba

Saa mbili na nusu asubuhi, Mpemba. Malori yamesimama safu mbili tangu mizani hadi yanakopotelea upande wa Tunduma, na madereva wameshabandika chai chini ya matela yao. Ndani ya kibanda cha mabati kilichobanana kati ya duka la matairi na genge la viazi, Mzee Kasiani Silwimba ameliegemeza sikio kwenye kidude cheusi kisichofika ukubwa wa tofali.

Kidude hicho ni skana, redio isiyosema, inayosikiliza tu maongezi ya redio nyingine. Taa yake inawaka na sauti ya mwanamume inakwaruza: "Geti mbili, ruhusu ishirini. Safu ya kulia isogee. Ya kushoto ibaki hapo hapo."

Kasiani anashika simu.

"Tuntufye, uko wapi?"

"Hapa zahanati, mzee. Mama yuko kwenye bajaji, uchungu umeshika."

"Usiingie lami. Wanasogeza kulia, watakubana pale kalavati. Shika njia ya mashamba, utokee nyuma ya soko la mahindi."

"Njia ya mashamba ni matope matupu, mzee wangu!"

"Matope yatakuchelewesha. Lori litakulaza. Nenda."

Dakika ishirini na tano baadaye Tuntufye, dereva wa bajaji, anapiga kusema wamefika kituo cha afya mjini, mama yuko salama. Kasiani anaitikia "haya," anakata simu na kurudisha sikio mahali pake. Hatabasamu. Kwa hesabu ya Sista Jenista, muuguzi wa zahanati, hadi leo wagonjwa zaidi ya mia wamepitishwa katikati ya malori kwa maneno ya mzee huyu.

Hii ni Jumanne. Ijumaa saa kumi jioni, kazi hiyo inakufa.

Kampuni inayosimamia foleni na maegesho ya malori imetangaza kwamba siku hiyo itazima mfumo wake wa zamani wa redio koli na kuwasha mpya, uliofungwa kwa ufunguo wa siri. Atausikia mwenye redio ya kampuni tu. Skana ya Kasiani itabaki chuma.

"Wameona kuna kitundu kimoja mtu mdogo anapumulia," anasema Kasiani, mwenye umri wa miaka 58. "Wamekuja na saruji."

Kuisikia kampuni hiyo haikuwa kazi ya kuzungusha kitufe. Redio za kawaida hukaa kwenye masafa yake, ukiyajua umezipata. Hizi hazikai. Wenye elimu huuita mfumo huo trankingi. Kasiani, aliyeishia darasa la nne, ana maelezo yake.

"Nenda kwa mama lishe saa saba mchana," anasema. "Ana meza nane, wateja arobaini. Hakuna mwenye meza yake. Unaingia, mhudumu anakwambia kaa namba tano, unakula, unaondoka, anakaa mwingine. Kesho anakupeleka namba mbili. Hawa nao ndivyo. Masafa nane, makundi ya watu kibao. Watu wa geti wana kundi lao, wa barabarani lao, wa yadi lao. Ukibonyeza kusema, mhudumu anakutafutia meza iliyo wazi."

Mhudumu mwenyewe ni mkondo mmoja ambao hauna maongezi, unavuma tu kutwa nzima kama mzinga wa nyuki. Skana husikiliza mvumo huo, husoma kwamba kundi la barabarani limepelekwa meza namba tano, kisha hulifuata huko.

"Sasa, kama meza umezipanga namba kwa kichwa chako," anasema, na hapo sauti yake inashuka, "ukiambiwa tano, utakwenda kukaa na watu wengine. Utakula ugali usio wako, na utadhani ni wako."

Kasiani alizaliwa Mbozi, kwenye kahawa. Shule aliiacha baba yake alipofariki. Alivuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, akiwa kijana, akapika maandazi, akabeba magunia, hadi Mzambia mmoja aliyekuwa akitengeneza redio za kaseti alipomwachia pasi ya kulehemu ashike. Kiingereza chake chote, anasema, ni kile kilichoandikwa nyuma ya redio.

Leo anatengeneza na kupanga masafa ya redio koli za walinzi, za wakandarasi na za wachimbaji wadogo wa Mkwajuni. Kila redio shilingi elfu tano. Siku njema hupata elfu ishirini, na siku nyingi hupata ya unga na mkaa. Skana aliinunua kwa dereva aliyekwama siku kumi na moja kwenye foleni na kuishiwa hela ya chakula.

Madereva wamemzoea. Mchana huo huo wa Jumanne, Mzambia mmoja, Shadrack, anachungulia mlangoni.

"Bashikulu, leo tutavuka?" Bashikulu ni babu, kwa Kibemba, na ni neno la heshima.

"Babu yako nani? Meno yangu yote ninayo."

"Meno yapo, bashikulu. Ila hayajawahi kutoka nje."

Watu wa genge la viazi wanaangua kicheko. Kasiani anageukia skana. Diana, mwenye genge hilo, anasema mzee hakuwa hivi. "Mkewe alipokuwepo alikuwa mtu wa kutaniana mpaka unamkimbia. Siku aliyomzika Mama Fides, alizika na vicheko vyake."

Mama Fides ni Enesi. Alikuwa na pumu ya siku nyingi, na asubuhi moja ya Machi, miaka mitatu iliyopita, dawa ya kupuliza ikagoma kumsaidia. Zahanati ikasema apelekwe mjini kwenye hewa ya oksijeni, na haraka. Siku hiyo malori yalifika hadi ng'ambo ya mizani.

Tuntufye ndiye aliyempakia, na jirani mmoja akamshika. Kasiani hakupanda. Aliona msaada wake mkubwa ni kubaki na skana, aliyokuwa nayo kwa mwezi wa tatu, awaongoze kwa simu.

Akasikia mtu wa kundi la barabarani akiuliza: "Upande wa kushoto pale kalavati umefunguliwa?" Skana ikaruka meza, kama inavyoruka kila mara. Likaja jibu: "Umefunguliwa, leta."

"Nikamwambia Tuntufye aingie kushoto," anasema Kasiani.

Jibu lile halikuwa la swali lile. Lilikuwa la watu wa yadi, waliokuwa wakifungua geti lao la kushoto. Jibu la barabarani lilikuwa meza nyingine, na lilikuwa hapana.

Bajaji iliingia katikati ya matela mawili, na nyuma yake likasogea la tatu. Mbele hakuna njia, nyuma hakuna njia, kando mtaro. Walikaa humo dakika hamsini. Tuntufye alishuka, akapiga mabodi ya malori kwa mikono hadi vidole vikachubuka. Madereva walitaka kusogea, hawakuwa na pa kusogea.

"Mzee alisema pamefunguliwa, mimi nikaingia," anasema Tuntufye, akiangalia chini. "Sijawahi kumlaumu. Yeye ndiye hanitazami usoni."

Enesi alifia pale, baina ya lori la shaba na lori la mbolea. Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Kosa lilikuwa wapi? Kasiani analijua kwa namba. Mafundi wote wa redio hupanga masafa kutoka dogo kwenda kubwa. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo naye alivyofundisha wengine. Kampuni iliyapanga kivyake: lililokuwa la tatu kwa udogo ndilo meza namba moja, na la kwanza ndilo namba sita. Kwa hiyo skana ilikuwa ikipatia meza chache na kukosea nyingi, na kwa kuwa maneno yaliyotoka yalikuwa ya Kiswahili safi, ya watu wa foleni ile ile, yeye aliona inafanya kazi.

"Miezi miwili kabla nilikwenda pale ofisini kwao," anasema. "Nikasema jamani, mimi fundi, nataka mpangilio tu, nisaidie wagonjwa. Namba nane. Kijana wa mapokezi akaniuliza nina cheti cha nini. Nikamwambia cha ubatizo. Wakacheka, wakaniambia nje."

Anapunguza sauti ya skana.

"Wangeniandikia namba nane kwenye karatasi ya sigara, mke wangu angekuwa anamenya viazi pale. Waliomuua ni wao. Namwambia kila mtu, ni wao." Anaviangalia vidole vyake vilivyoungua na lehemu. "Lakini kilichobonyeza ni hiki hapa."

Baada ya mazishi ndugu walidhani ataitupa skana. Yeye alijifungia nayo. Kutwa alikaa na daftari la shule, akitazama namba ya meza inayotajwa kwenye kioo na kutafuta, moja baada ya nyingine, ni masafa gani yamewaka wakati huo huo. Maongezi huchukua sekunde nne, tano, na akichelewa huanza upya. Namba ya nane aliipata wiki ile ile ya arobaini ya marehemu. Tangu hapo hajakosea njia hata mara moja.

Ndipo akaanza barua. Hakuomba fidia. Aliomba kampuni iipe zahanati redio koli moja na kundi moja, ili Sista Jenista aulize barabara mwenyewe na ajibiwe na anayeijua.

Barua ya kwanza haikuonekana ilipokwenda. Ya pili ilirudishwa ipitie serikali ya mtaa ipigwe mhuri; ilipopata mhuri, aliyeirudisha alikuwa ameshahamishwa. Ya tatu ilijibiwa. Kasiani ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni: ombi limepokelewa na linafanyiwa kazi.

"Kazi gani?" anauliza. "Ni ndiyo au hapana. Wakubwa wenyewe wanapita na king'ora, malori yanaingia mtaroni. Foleni kwao ni picha ya kwenye simu. Wangezaa hapa Mpemba, tungepata redio kumi."

Ofisa mmoja wa kampuni hiyo, ambaye hakutaka jina lake liandikwe, anasema mfumo mpya ni kwa usalama wa mizigo, kwa kuwa wezi nao wana masikio. "Mzee tunamheshimu, ila mawasiliano ya kampuni si ya kila mtu. Zahanati ikiwa na dharura, namba ya chumba cha uongozaji ipo."

Jenista anacheka kwa uchungu akisomewa maneno hayo. "Wiki iliyopita nilipiga mara kumi na moja. Ilipokewa mara mbili. Mara moja waliniambia nimekosea namba."

Ijumaa inafika. Kasiani hajapokea redio yoyote ya kutengeneza tangu asubuhi, na Diana amemletea chipsi ambazo hakuzigusa. Saa kumi kasorobo maongezi yanapungua. Mtu wa geti anamuuliza mwenzake kama amebakiza sigara. Mwenzake anamwambia akanunue. Basi, ndiyo maneno ya mwisho.

Saa kumi na dakika mbili, mvumo wa mhudumu unakatika. Kasiani anazungusha masafa yote nane. Anarudia. Kwenye kioo namba zinapita zenyewe, hazipati pa kusimama.

"Haya," anasema. "Wamemaliza."

Robo saa baadaye simu yake inaita. Ni Jenista.

"Baba Fides, nina mtoto wa miaka minne, homa imepanda, amepigwa degedege mara mbili. Tuntufye yuko hapa na bajaji. Barabara ikoje?"

Kasiani anaitazama skana, kisha anaitazama tena.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mwanangu. Sitakubahatishia. Msiingie lami kwanza. Nipe dakika kumi."

Anatoka bila kufunga kibanda. "Diana, nipe baiskeli."

"Na magoti hayo, mzee?"

"Magoti ni yangu. Lete."

Anaipanda na kupita ukingoni mwa mtaro, malori upande mmoja, matope upande wa pili. Anapohema anaeleza alichokiwaza usiku kucha: watu watatu wenye simu, mmoja mizani, mmoja kalavati, mmoja soko la mahindi, wakipokezana mchana kutwa kumwambia wanachokiona kwa macho yao. Posho hana. Hadi sasa amewapata wawili, Diana na yeye mwenyewe. Jumatatu ataandika barua ya nne, ingawa anajua ya tatu ilivyokwenda.

Kwenye kalavati anashuka. Kushoto kumeziba. Kulia kumeziba. Kule njia ya mashamba, lori lililojaribu kukwepa foleni limezama hadi tumboni, limelala kukata njia yote.

Anapiga simu. "Jenista, bajaji isije. Hakuna pa kupita, nimepaona. Tuntufye ambebe mtoto mgongoni, mje kwa miguu kando ya mtaro mpaka hapa nilipo. Kuanzia hapa kwenda mjini pikipiki zinapenya katikati ya malori. Nasimamisha moja, mtaikuta."

Halafu mzee anaingia katikati ya barabara na kuinua mikono yote miwili. Pikipiki ya kwanza ina abiria, inampita. Ya pili inampigia honi, inampita. Ya tatu inapunguza mwendo, haijasimama, na Kasiani hasogei.