Kaseti Isiyo na Neno

Mwaka 1985 mzazi wa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, mwenye mtoto Ulaya hakungoja barua ya karatasi. Barua za siku hizo zilikuwa kaseti. Mtoto alikaa huko mbele ya redio yake, akabonyeza kitufe cha kunasa sauti, akasalimia ukoo mzima kwa majina kuanzia bibi, akakohoa, akaomba ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, basi. Kaseti akampa mtu anayesafiri. Wazazi waliisikiliza mpaka wakaijua kwa moyo, kisha wakajibu juu ya kaseti ileile, maana kaseti tupu ilikuwa adimu kuliko sukari.

Fidèle, mtoto wa Papa Néhémie na Mama Adolphine, alikuwa Liège, Ubelgiji, akisomea uinjinia, na kwa miaka miwili hakutuma barua wala kaseti. Adolphine alilaumu posta, akalaumu wasafiri, akalaumu mpaka baridi ya Ulaya. Néhémie alinyamaza, kwa sababu yeye alijua. Fidèle alipofeli mtihani wa mwaka wa kwanza aliandika kwa baba yake kwenye ateliye, karakana ya reli, alikokuwa fundi wa mabehewa. Néhémie akajibu siku ileile, bila kumwambia mkewe: usituletee neno tena mpaka uwe na diploma mkononi. Zilikuwa hasira za siku moja. Alidhani mtoto atanuna mwezi, kisha aombe radhi. Mwezi ukawa miaka miwili, na kila siku iliyopita ilimfanya azidi kushindwa kumwambia mama mtu alichokifanya.

Ndipo mtawa mmoja aliyekuwa likizo Ubelgiji akaleta kaseti. Fidèle mwenyewe, alisema, alimpa mkononi, naye alionekana mzima, mwembamba kidogo.

Adolphine alinawa uso na kuvaa kitenge kizuri, ungedhani Fidèle angemwona. Akabonyeza. Kikatoka kishindo cha chuma juu ya chuma. Kikafuata kitu kinachokwaruza, halafu kitu kizito kikaanguka, kikaanguka tena.

"Ngoja," Adolphine alisema. "Atasalimia sasa hivi."

Hakusalimia. Upande wa kwanza ukaisha, wakageuza. Upande wa pili ulikuwa mvumo mtupu, mrefu, unaotia meno ganzi.

"Yuko kazini," Néhémie alisema mwisho. "Ananasa kazi yake ili tusikie. Ile inayoanguka njo presi, mashine ya kukandamiza chuma. Ile inayokwaruza haina mafuta, wamuambie bwana mukubwa wao."

Kesho yake aliwatangazia wenzake wa ateliye kwamba Fidèle yuko kwenye kiwanda cha mashine kubwa. Wakampongeza, akapokea pongezi zote bila aibu. Adolphine hakuridhika. Alichukua kikaratasi kilichokuwa ndani ya boksi la kaseti, akakipeleka kwa Mwalimu Gaspard, jirani yao anayefundisha Kifaransa. Gaspard akasoma, akageuza, akasoma tena, akajizuia kucheka.

"Mama, hii haiko barua. Ni albamu ya muziki."

"Muziki wa nani?"

"Wa vyuma. Viwanda vya kule vinafungwa. Vijana wanaingia ndani, wanapiga mapipa na mabati, wananasa sauti, wanauza. Wanauita muziki wa viwanda."

"Na watu wananunua?"

"Wananunua, Mama. Tazama hapa, jina la Fidèle. Wameandika: nyundo."

Adolphine alirudi nyumbani na kumwambia mumewe habari yote bila kupunguza. Kiwanda hakuna. Presi hakuna. Néhémie alifikiria wenzake wa ateliye, akaona uso wake unawaka moto. Lakini mkewe hakuwa na haja na kiwanda.

"Apige vyuma, apige ngoma, mimi sina neno," alisema. "Lakini kaseti nzima, Papa Fidèle! Hata kusema 'Mama, ni mimi' alishindwa? Tumemukosea nini?"

Adolphine alipokwenda sokoni, Néhémie akakaa peke yake na redio, sauti chini, akasikiliza upande wa kwanza tangu mwanzo. Safari hii hakutafuta mashine, alitafuta nyundo. Pale ateliye hukuhitaji kumwona mtu ili ujue ni nani anayefanya kazi, kila fundi alikuwa na pigo lake. La Néhémie lilikuwa mapigo matatu ya nguvu, kisha moja dogo pembeni, la kupumzisha mkono. Hakumfundisha mtu. Ila Fidèle alikuwa akija kumsaidia kila likizo ya shule.

Na sasa, katikati ya fujo ile, ndilo hilo: matatu ya nguvu, moja dogo. Halikukoma mpaka upande ukaisha.

Fidèle alikatazwa kuleta neno, na neno hakuleta. Roho ilimuuma Néhémie.

Adolphine aliporudi alimkuta anakunja vipande vya karatasi na kuviziba kwenye vitundu viwili vya mgongo wa kaseti, vile ambavyo visipozibwa redio inakataa kunasa.

"Unataka kufuta nyundo ya mutoto?"

"Ninafuta upande wa mvumo. Wewe bonyeza, mimi niseme."

Adolphine akabonyeza vitufe viwili pamoja, akavishikilia, maana kimoja kilikuwa kinalegea. Kwa hiyo hakuweza kwenda popote. Néhémie akainamia redio.

"Fidèle. Ni Papa yako. Ile barua yangu ya kusema usituletee neno mpaka diploma, mama yako haijui. Anaisikia sasa hivi, ameshika redio. Ilikuwa vibaya. Tuandikie, mwanangu. Bila diploma, tuandikie."

Adolphine hakuviachia vitufe. Alimtazama mumewe mpaka mumewe akainamisha macho. Kisha akamsukuma kwa kiwiko, akamtoa kwenye kiti, akakaa yeye na kuanza kuongea na mtoto wake, kwa majina ya ukoo mzima kuanzia bibi, mpaka kaseti ikaisha. Ila mumewe, Adolphine hakumsemesha kwa siku tisa, kwa ajili ya ile barua.