Mama Virgule, mbeba unga wa bandari ya Kalundu, na mtihani wake wa serikali

Wakuu, nawasalimu kutoka Uvira.

Ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu, na mahali nilipokosea mimi mwenyewe nitapataja bila kujificha. Nilifundisha Kifaransa na Kilatini kwa miaka mingi, kwa hiyo mnisamehe nikienda polepole.

Kwanza niwaeleze hali ilivyokuwa.

Kalundu ndiyo bandari yetu. Ziwa limepanda na kumeza sehemu ya ufuko, hivyo wabeba mizigo huzifikia meli kwa kupita juu ya ubao mrefu na mwembamba, gunia kichwani, maji chini yao. Wengi hubeba unga wa muhogo. Magunia huvuja, na jioni mbebaji hurudi nyumbani mweupe kuanzia nywele hadi kope.

Jambo la pili ni kwa ndugu wa Tanzania na Kenya. Kwetu Kongo, anayemaliza sekondari hufanya Examen d'État, mtihani wa serikali. Siku ya matokeo, aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani na jamaa zake, kisha hutembezwa mitaani kwa nyimbo. Ukimwona mtu mweupe siku hiyo, huna haja ya kumuuliza kitu.

Sasa unganisheni hayo mawili.

Furaha, mama wa watoto watatu, alikuwa mbeba unga. Kila jioni alipopita mbele ya nyumba yangu, watoto wa mtaa walimpigia kelele: "Mama, umepata diplôme? Félicitations, hongera!"

Walicheka. Nakiri kwamba nami nilitabasamu.

Jioni moja aliiacha njia, akapanda barazani kwangu. Nilimpa kiti, akakataa asije akakichafua.

"Prof, minye nataka kufanya Examen."

Alikuwa amefika mwaka wa tano wa sekondari, section ya pédagogie, yaani ualimu, vita vilipowatoa kwao Runingu. Hakurudi shuleni tena. Sasa huko Runingu darasa la tatu la msingi lilikuwa halina mwalimu, kwa sababu kila aliyepelekwa alihama. Mkuu wa shule alikuwa amemwambia: lete diploma, darasa ni lako. Sheria humruhusu mtu aliyejisomea mwenyewe, yaani autodidacte, kujiandikisha.

Nilikubali. Kila Jumapili baada ya misa nilimsomea notes, naye akaandika, kama tunavyofanya shuleni: nasoma sentensi na kutaja alama zake, virgule penye mkato, point penye kituo.

Daftari halishikiki ukiwa na gunia kichwani. Kwa hiyo Furaha alibeba sauti yangu, na aliibeba nzima.

Siku moja nilishuka Kalundu, nikamsikia juu ya ubao akitamka kwa mwendo wa hatua zake: "L'enfant, virgule, dès son jeune âge, virgule...", yaani mtoto, tangu umri wake mdogo. Na wabebaji nyuma yake wakaitikia kwa pamoja: "Virgule!"

Tangu siku hiyo akaitwa Mama Virgule.

Mimi nilivutiwa na kumbukumbu yake. Kosa langu la kwanza ni hilo. Sikuwahi kumuuliza maana.

Akafeli.

Nilipompima upya niligundua kwamba ukimwanzishia ukurasa aliumaliza bila kukosa neno, lakini ukimuuliza swali la katikati alilazimika kurudi mwanzo. Tukaanza tena, safari hii kwa maelezo. Mwaka wa pili akafeli tena, japo alikaribia kufaulu.

Hapo nikafanya kosa la pili, ambalo hadi leo linaniuma. Nilimwambia aache. Nilitumia maneno ya upole, na upole wenyewe ulizidisha ubaya wake.

Hakulia. Aliniambia:

"Prof, gunia yangu ya kwanza pale Kalundu, niliangusha mu maji. Ya kwanza kabisa! Papa Kashindi alinifukuza mbele ya bantu yote. Kesho yake nikarudi, akanifukuza. Kesho kutwa nikarudi. Leo nikichelewa, ni yeye iko anauliza, 'Furaha iko wapi?' Na weye utaniuliza."

Akaondoka.

Papa Kashindi ni msimamizi wa wabebaji, mtu wa sauti kubwa ambaye hakuvuka darasa la nne. Nilisikia baadaye mambo waliyoyafanya wawili hao. Kila mapumziko ya mchana, Furaha aliketi juu ya magunia na kumfundisha Kashindi somo moja kwa Kiswahili, bila daftari. Na Kashindi alikuwa na swali moja tu.

"Sababu gani?"

"Sababu mutoto anajifunza kwa kugusa kitu kwanza, mbele ya kuambiwa jina lake."

"Sababu gani?"

"Papa Kashindi, utanichosha!"

"Basi haujajua. Beba gunia, kesho utaniambia."

Na kesho alimwambia. Mwaka mzima, wakuu. Mimi niliyesoma Kilatini kwa mapadri sikuwahi kubuni mbinu iliyo bora kuliko hiyo.

Miezi ikapita bila yeye kukanyaga baraza langu, nami siku moja nikashuka bandarini kuuliza: "Furaha yuko wapi?" Alikuwa juu ya ubao. Alinicheka kwa sauti hadi nikahofia gunia. Tukaendelea na Jumapili zetu.

Matokeo ya mwaka wa tatu yalitoka mchana, kwa SMS. Nilikuwepo bandarini. Kashindi alinipa simu niisome. Nikasoma mara mbili, kama ilivyo desturi yangu, kisha nikatamka: amefaulu.

Kelele iliyopanda hapo siwezi kuieleza.

Kashindi alikimbilia kibanda chake, akatoka na kopo la poda lenye kutu kwenye mfuniko. Alikuwa amelinunua mwaka ule wa kwanza, akalitunza miaka yote bila kumwambia mtu. Mimi nilikuwa nimekata tamaa, na kopo lilikuwa pale.

Wakamzunguka. Furaha akainua mkono.

"Mungoje."

Alikuwa mweupe kwa unga, kama kila siku. Alishuka hadi ziwani, akaingia mpaka magotini, akainama. Aliosha nywele, akaosha uso, shingo, mikono, bila haraka. Watu zaidi ya ishirini walisimama wakimngoja. Alipopanda hakuwa na chembe ya unga.

Akainamisha kichwa mbele ya Kashindi.

"Sasa."

Jioni ile alipita mtaani kwetu, na watoto wakauliza swali lao la siku zote. "Ndiyo," akajibu. Waliona wabebaji wote nyuma yake wakiimba, wakaingia msafarani.

Nimejifunza kwamba mwalimu anaweza kupima alichokijua mtu, lakini hana kipimo cha atakachokijua. Anayejiamini akarudi kesho, na kesho kutwa, asiambiwe na mtu kama mimi kwamba imetosha. Nanyi wakuu, kama mliwahi kumkatisha tamaa mtu akawashinda, au mlikatishwa ninyi, andikeni hapa chini. Nitasoma yote.

Na kwa atakayeuliza yaliyofuata: mwaka wa shule ulipofunguliwa, Furaha alipewa darasa la tatu pale Runingu, na hadi leo yupo.