Karavani Nyuma ya Nyumba ya Tonton Oscar

Ninaikumbuka vizuri siku tuliyoileta karavani, mwanangu, kwa sababu baada ya siku ile ulipita muda mrefu sana kabla sijamsikia tena mume wangu akicheka kwa sauti.

Ilikuwa kuukuu, ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo watu wa hapa huivuta nyuma ya gari wakienda likizo. Ilitengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Tuliipata kwa mzee mmoja Mflamandi, mwenyeji wa hapa Ubelgiji, aliyekuwa ameigeuza stoo ya viazi. Kwa nje ilikuwa bado inavutia, rangi ya maziwa na mstari wa kijani ubavuni. Kwa ndani, Mungu wangu! Dari lilikuwa limevimba kwa maji ya mvua, mapazia yameliwa na jua, viti vinanuka ukungu, na ukikanyaga karibu na mlango sakafu inabonyea kama mkate mbichi. Mume wangu, Fulgence, alisimama katikati, kichwa chake kinakaribia kugusa dari, akacheka.

"Clémence," akaniambia, "huku njo mutoto yetu atatoka kuenda kuona bahari. Pale nyuma, ku kona, nitamutengenezea kitanda yake."

Mimba yangu ilikuwa imeanza kuonekana. Tulikuwa vijana tuliotoka Lubumbashi, yeye anafanya kazi ghalani, mimi ninahudumia wazee katika nyumba moja ya kuwatunza kule Uccle. Tulipanga vyumba viwili Koekelberg, ghorofani, ukichungulia dirishani unaiona Basilika, kanisa kubwa la pale. Karavani haikuwa na pa kukaa pale, ndipo Tonton Oscar, mjomba wake Fulgence, akatupa nafasi kwenye bustani nyuma ya nyumba yake Laeken.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, na hakulia.

Sitakueleza zaidi ya hapo, mwanangu, maana wewe bado kijana na si lazima uyabebe yote. Tulimzika kukiwa na mvua na watu wachache. Alikuwa msichana. Tulikuwa tumeshamchagulia jina, mimi na baba yake, tukilitaja kila siku alipokuwa tumboni. Baada ya maziko hakuna kati yetu aliyelitaja tena. Tulilizunguka jina lile kama watu wanavyozunguka shimo barabarani.

Fulgence akahamia kwenye karavani. Sisemi alilala huko. Nasema kila alipotoka kazini alipitia Laeken, na siku za mapumziko alikuwa huko tangu asubuhi. Aling'oa dari, akang'oa viti, akabomoa kabati zote. Akabandua sakafu iliyooza, akatandika plaiwudi mpya, na juu yake zulia la plastiki. Tonton Oscar alinipigia simu kunisifia, "Bwana yako ni fundi, maman, kuja uone!" Mimi nikawa naitikia tu. Nilijua kona ile ya nyuma ilikusudiwa nini, na sikutaka kuiona.

Hata hivyo nilimpelekea chakula. Nilipika, nikafunga bakuli kwa kitambaa, nikapanda tramu mpaka Laeken, nikavuka bustani, nikagonga. Anafungua kidogo, anapokea, anasema asante. Mimi nabaki kwenye majani nje, naangalia viatu vyangu. Halafu narudi.

Baridi ilipoanza kukaza, akaleta hita ndogo ya gesi ili vidole visimgande akifanya kazi. Akaziba kila penye upepo. Pembezoni mwa madirisha alipaka silikoni, mlangoni akaweka mpira mpya. "Sasa hata upepo kidogo haiingie," alinieleza siku moja mezani, na nikafurahi kwa sababu angalau alikuwa amesema kitu.

Ndipo kichwa kikaanza kumuuma.

Akirudi nyumbani uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Anakaa kwenye kochi na koti lake, macho amefumba. "Kichwa inaniuma tu. Ni baridi." Siku nyingine alitapika. Mwanangu, hujui hofu ilivyo na kazi nyingi kichwani mwa mtu. Kwanza niliwaza anakunywa, nikawa ninajifanya namvua koti ili ninuse pumzi yake. Sikusikia harufu ya pombe. Basi nikawaza ana ugonjwa na ananificha. Baadaye nikawaza jambo baya kuliko yote, kwamba kinachomuumiza ni kurudi nyumbani kwangu, kuniangalia mimi, mwanamke ambaye tumbo lake halikuweza kumtunza mtoto. Simu ikilia kazini nashtuka. Nikiwa namlisha bibi mmoja supu, nasahau kijiko hewani, mpaka yule bibi ananishika mkono ananituliza. Sikumuuliza Fulgence lolote. Niliogopa asije akanijibu.

Chini yetu aliishi mama mmoja mtu mzima, Mama Zuhura, Mwislamu kutoka Buyenzi kule Bujumbura. Alifika Ubelgiji kama mkimbizi, akalea watoto wake peke yake. Tulisalimiana ngazini tu, hata hatukuwa watu wa kutembeleana. Jumamosi moja nikashuka na bakuli langu, nikamkuta anapiga deki mbele ya mlango wake. Hakunipisha.

"Binti, hebu simama," akasema. "Kila mara nakuona unashuka na bakuli, unapanda na bakuli. Huyo mumeo unamuona saa ngapi?"

"Namuona, Mama. Nampelekea chakula kule anakofanya kazi."

"Unaingia ndani?"

Nikahamishia bakuli mkono wa pili.

"Unaingia, au unamkabidhi mlangoni kama mfungwa?"

Machozi yakanitoka palepale. Nikamweleza, maneno yakinitoka ovyo ovyo, juu ya kichwa, juu ya kutapika, juu ya kona ya nyuma. Nilitegemea anikumbatie. Hakunikumbatia. Aliegemeza fagio lake la deki ukutani, akanikazia macho.

"Na wewe umefiwa, najua. Niliwasikia mlivyorudi siku ile, na nimekuombea. Lakini huyo mwanamume kafiwa kama wewe, na yuko peke yake ndani ya lile sanduku. Unasema unamuogopea, halafu unamwacha humohumo! Leo usigonge. Ingia, ukae naye. Akikufukuza, kaa. Akinyamaza, kaa. Usirudi hapa mpaka umekaa."

Nilikasirika, sikufichi. Njia nzima kwenye tramu nilikuwa namjibu kimoyomoyo. Yeye ni nani? Anajua nini kuhusu sisi? Lakini nilipofika Laeken na kuvuka ile bustani, sikugonga. Nilivuta mlango, ukawa mgumu kwa sababu ya ule mpira mpya, nikauvuta kwa nguvu, nikaingia, ukajifunga nyuma yangu.

Mwanangu, palikuwa pazuri. Hilo ndilo lililonivunja nguvu. Dari jeupe, kabati za mbao laini, viti viwili vimevalishwa kitambaa cha buluu alichokishona kwa mkono. Joto tele. Kona ya nyuma tu ndiyo ilikuwa tupu, ukuta umejaa matundu ya misumari. Fulgence alikuwa amekaa chini pale, mgongo ukutani, nyundo mapajani.

"Unatafuta nini?" akaniuliza. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeamshwa.

"Nimekuja kukaa."

Nikakaa sakafuni mkabala naye. Hakunifukuza. Tulikaa, hita inavuma taratibu, madirisha yamefunikwa na mvuke. Halafu akaonyesha ile kona kwa nyundo.

"Naijengaka, kisha naivunja," akasema. "Kitanda, nikavunja. Nikaweka meza, nikavunja tena. Siyue tuweke nini pale, Clémence. Siyue hata kidogo."

Nikalia, na yeye akalia. Nikasogea karibu yake. Nilipopangusa uso nikahisi kichwa kinagonga, kinagonga, juu ya macho. Nikadhani ni kilio. Lakini na tumbo nalo likaanza kunichafuka.

"Kichwa changu," nikasema.

"Na mimi. Huku inaniumaka kila siku," akajibu, na ulimi wake ukawa mzito. "Nikitoka inje, inaisha."

Nikamtazama. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Mimi niliingia mle mzima, nimetoka kwenye baridi na hasira zangu, na muda si mrefu nilikuwa nimeugua ugonjwa uleule wa mume wangu. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa akiumwa kwa sababu yangu, wala kwa sababu ya pombe. Ilikuwa ni mahali pale. Kitu kilikuwa kinatuua mle ndani.

"Fulgence, simama. Tutoke."

Akajaribu. Magoti yakakataa, akarudi chini na kuangukia bega. Nikaenda mlangoni, miguu yangu kama ya mtu mwingine. Nikausukuma, haukufunguka. Nikausukuma tena. Mpira ule ulikuwa umeushika kama gundi. Mwanangu, hofu niliyokuwa nayo wiki zote zile haikuwa kitu mbele ya ile. Nikarudi nyuma, nikajitupa na bega, ukafunguka, nikaanguka kwenye majani yenye baridi nikipiga kelele, "Tonton! Tonton Oscar!"

Alitoka na ndala zake, mzee wa watu, akakimbia. Tulimvuta Fulgence kwa mikono, kichwa chake kikigonga kizingiti. Tonton akampiga makofi mashavuni. "Mutoto ya dada yangu, fungua macho! Fulgence, niangalie!" Jirani aliyetusikia akaita gari la wagonjwa. Nilimshikilia kichwa mapajani mwangu, na kila alipovuta pumzi niliingoja inayofuata nikiwa sina hakika kama itakuja.

Ilikuja. Hospitalini walituwekea barakoa za hewa wote wawili. Daktari, mwanamke mpole, akatueleza kwamba moto wa gesi ukiwaka mahali palipozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Karavani za zamani huwa na matundu ya hewa sakafuni na juu kwa sababu hiyohiyo. Fulgence alikuwa ameyafunika yote kwa sakafu yake nzuri na dari lake jipya. "Mtu akiwa peke yake," daktari akasema, "husinzia tu. Anayemkuta huwa ameshachelewa." Kisha akaniuliza ilikuwaje nikawa mle. Nikamwambia nilikuwa nimekwenda kukaa.

Kesho yake mchana, Fulgence akiwa bado kitandani, aliitoa barakoa akanishika mkono. Akatazama dari.

"Joëlle," akasema.

Ndilo jina lake, mwanangu. Nilikuwa sijalisikia kwa sauti ya mtu tangu siku ya maziko.

"Joëlle sasa angekuwa anaanza kucheka," akasema. Nami nikamjibu ndiyo, angekuwa anaanza kucheka, na angekuwa na masikio makubwa ya baba yake. Tukazungumza juu yake mpaka muuguzi akaja kutuambia mgonjwa apumzike.

Hofu yangu haikuisha siku ile, usidhani. Hata leo nikifika kwa watu nikakuta madirisha yamefungwa na jiko linawaka, nafungua bila kuomba ruhusa, na wajukuu wananicheka. Lakini tuliirudia karavani pamoja. Tulikata sakafu mpya na dari jipya tukafungua matundu yote, mtu wa gesi akaja kuikagua, hita ile ikatupwa. Mimi ndiye niliyepaka rangi kabati, na nilizipaka vibaya. Kwenye kona tuliweka kabati la kawaida la makoti ya mvua, kwa kuwa tulihitaji mahali pa makoti ya mvua. Majira ya joto tukaenda baharini. Upepo ulikuwa mkali, mchanga uliingia kwenye chakula, tukagombana juu ya hema la mbele, lile la kutandaza mlangoni mwa karavani. Nilikuwa na amani.

Na Mama Zuhura nilimrudia siku ileile niliyotoka hospitalini. Nilimkuta anapika. Hakusema "nilikuambia". Alinisogezea kiti, akafungua dirisha kwa ajili ya mvuke, akanipakulia.

Basi sikiliza, wewe unayeanza nyumba yako. Siku itakuja mpendwa wako atajifungia katika jambo, iwe kazi, iwe simu, iwe ukimya. Utamuogopea, na hofu itakuambia subiri kwanza, usimsumbue, atasema mwenyewe. Usiisikilize. Wasiwasi unaoubeba peke yako haumlindi mtu hata mmoja, hata uubebe kwa upendo wote. Nenda alipo, uvute hewa anayoivuta yeye, ndipo utajua kinachomuuma. Pengine utajibiwa vibaya. Vumilia, kaa. Na siku ikiwa wewe ndiye uliyejifungia, mtu akija kukaa nawe mwachie nafasi, hata kama huna la kumwambia. Na mzee akikusimamisha ngazini akakuambia neno la kukuudhi, kasirika ukitaka, lakini ulifanye kwanza.

Mwenyezi Mungu aijalie nyumba yako hewa safi na maneno yasiyofichwa. Awape watoto wenye afya, na asipowapa, au akiwatwaa mapema, awape ninyi wawili kushikana. Akulinde unakoona hatari na usikoiona. Nenda kwa amani, mwanangu. Amina.